Ghorofa si Kipimo cha Mji

Imezuka kasumba katika miji midogo ya Kanda ya Ziwa kwamba mji hauwi mji mpaka uote maghorofa. Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, haina kinga dhidi ya kasumba hiyo. Ni mji wa biashara uliokua kando ya barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, na fedha ya dhahabu hupita humo pamoja na ya mpunga na mahindi. Fedha ya namna hiyo ikitaka kujionyesha, hupanda juu.

Kujenga juu si kosa pale ardhi ilipo adimu. Lakini Runzewe haikubanwa na bahari wala mlima. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu ghorofa yafaa kuuliza mambo mengine. Je, upepo unapita ndani ya jengo? Maji ya mvua yanayotoka paani yanakwenda wapi, mtaroni au katika duka la jirani? Moto ukizuka, ngazi itawatosha watu wote? Na mama auzaye nyanya barazani, ana kivuli na choo?

Mfano mzuri upo Dar es Salaam, nao si mrefu. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliezekwa kwa zege lililoumbwa mfano wa miavuli mikubwa. Miavuli hiyo ilitoa kivuli, ikaacha hewa ipite, na ikakinga maji ya mvua ili yahifadhiwe chini. Ni kama gulio la chini ya mti, ila mti wenyewe ni wa zege. Kweli, soko hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021, maana hata usanifu bora huhitaji matunzo.

Katika jiji hilo hilo, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa zaidi ya 10 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, la ghorofa chache tu, likaua tena. Kumbe hata ufupi peke yake haumlindi mtu. Kinacholinda ni mchoro uliopimwa na fundi anayesimamiwa.

Runzewe bado ina nafasi ya kuchagua. Ofisa wa Halmashauri apokeaye ombi la kibali, na mwalimu ambaye wananchi humwomba ushauri kabla ya kujenga, wanaweza kudai michoro ionekane kabla msingi haujachimbwa. Zege la ghorofa ya pili likishakauka, ni ofisa gani atakayemwuliza tajiri madirisha yako wapi?