Imeshuka kwa Ngapi, Imeshuka Hadi Ngapi?

Ndugu msomaji, juma hili naomba ruhusa yako nikutoe katika kelele za mjini nikupeleke Choma, wilayani Igunga, mkoani Tabora. Hiyo ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe. Nilipopita huko, mzee mmoja mkulima alinisimulia jinsi neno dogo la Kiingereza, lenye herufi mbili tu, lilivyompotezea shilingi 150,000. Bei alizonitajia nimezibadili kidogo ili hesabu iwe nyepesi, lakini kisa ni kile kile.

Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Redio ya mzee ilikuwa imekwisha betri. Jirani akamletea gazeti la Kiingereza lililokuja na basi, na mzee akamwita mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, amsomee habari ya bei. Binti akasoma, akafikiri, kisha akasema, "Babu, bei ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Sasa imeshuka hadi shilingi 200."

Mzee alishika kichwa. Jioni ile ile akatokea mlanguzi mmoja na mizani yake, akajitolea kununua kwa shilingi 500. Mzee akamwona kuwa ni mkombozi aliyeletwa na Mungu. Akampimia kilo 300, akamshukuru, na akamsindikiza mpaka njiani. Siku ya pili akasikia kijijini kwamba bei ilikuwa shilingi 1,000. Gazeti halikusema kuwa bei imeshuka hadi shilingi 200. Lilisema imeshuka kwa shilingi 200.

Kiingereza hutumia neno "by" kueleza kiasi cha kupanda au kushuka, na neno "to" kueleza mahali kitu kilipofika. Kiswahili chetu kinayo maneno hayo hayo mawili, nayo ni "kwa" na "hadi". "Kwa" huhesabu ngazi ulizoteremka, na "hadi" hutaja ngazi uliyosimama. Binti hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Mtoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapoingia sekondari hukuta hesabu, jiografia na baiolojia vimevaa nguo ya Kiingereza. Hufundishwa kuchora mstari wa bei unaopanda na kushuka, lakini ni mara chache kuambiwa kwamba maneno yale ndiyo yale anayoyasikia gulioni kila siku. Hivyo maneno hubaki ya mtihani, na siku yanapohitajika nyumbani hukosea njia.

Wala hasara ya namna hii si mpya katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji, nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Kipimo kimoja kiliitwa shuka, nacho kilikuwa mikono minne. Shuka mbili zilifanya doti moja, yaani mikono minane. Mtu aliyepatana bei bila kusikia vizuri kama limetajwa neno shuka au doti, alikuwa ameweka nusu ya mali yake hatarini. Na bei zenyewe zilisafiri pamoja na wapagazi. Nguo ilizidi thamani kila ilivyozidi kwenda bara, na pembe za ndovu zilizidi thamani kila zilivyozidi kukaribia pwani. Aliyetajirika ni yule aliyejua bei ya pande zote mbili za njia.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Magazeti ya biashara ya Kiingereza hupenda kuipa bei mwendo wa ndege, wa roketi au wa jiwe lililotupwa kisimani. Nasi tunayo ngazi yetu. Kitu kikienda juu taratibu, kinapanda. Kikienda juu ghafula, kinaruka. Kikienda juu kisionekane kurudi, kimepaa. Upande wa chini, kitu hushuka au huteremka kwa utaratibu wake. Kikienda chini kwa kishindo huporomoka, na kikizama kidogo kidogo bila kelele hudidimia. Mwandishi anayeandika kwamba bei "imeporomoka" wakati imepungua shilingi kumi anamtia mkulima hofu ya bure, na hofu hiyo ndiyo mtaji wa mlanguzi.

Liko neno la Kiingereza "fluctuate", ambalo asili yake ni neno la Kilatini la mawimbi. Wengi hulitafsiri kwa "kupanda na kushuka", na si kosa. Lakini tutenge mambo mawili. Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa saa zinazojulikana. Mbuga ya Wembere nayo hutota wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na kila mfugaji hujipanga mapema. Huko ni kupanda na kushuka kunakotabirika. Bei ya pamba katika soko la dunia haina masika wala kiangazi. Hiyo inayumba, kama mlevi njiani, na anayeitegemea hujui atashika ukuta gani. Neno "kuyumba" linatufaa hapo.

Jambo jingine ni nani aliyetenda. Kiingereza kina "rise" kwa kitu kinachopanda chenyewe, na "raise" kwa kitu kinachopandishwa na mtu, na wanafunzi wengi huyachanganya. Kiswahili kimetuwekea tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. "Bei imepanda" haitaji mtu. "Bei imepandishwa" inatulazimisha kuuliza: na nani? Mama anayeambiwa dukani kwamba sukari "imepanda" ana haki ya kuuliza kama imepanda au imepandishwa. Kwa swali hilo moja, walanguzi wengi wamepata kikohozi.

Ndugu mfanyakazi, nawe wa mjini usimcheke mzee wa Choma. Ukisikia kwamba mfumuko wa bei umepungua kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, usimwambie mama watoto kuwa vitu vimeshuka. Vitu bado vinapanda, ila mwendo wa kupanda umepungua. Kitu cha shilingi 1,000 kikifuata kiwango hicho kitakuwa shilingi 1,030 baada ya mwaka. Gari lililopunguza mwendo mlimani halijaanza kuteremka.

Vile vile jihadhari na asilimia. Bei ya shilingi 1,200 ikishuka kwa asilimia 25 inakuwa 900. Ikipanda tena kwa asilimia 25, wengi hudhani imerudi ilikokuwa. La. Inafika 1,125, kwa maana sasa asilimia inahesabiwa juu ya 900. Na ukisikia kwamba dola ilikuwa shilingi 2,300 na sasa ni 2,500, namba imepanda lakini shilingi imeshuka, kwa kuwa zinahitajika shilingi nyingi zaidi kuipata dola ile ile.

Nilimwuliza mzee kama alimkasirikia mjukuu wake. Akatabasamu. "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyemfanya awe macho yangu. Macho yakikosea njia, mtu hayang'oi." Binti mwenyewe alikuwa ameandika kwa chaki juu ya mlango wa ghala: "Kwa ni hatua. Hadi ni mwisho." Na tangu siku ile, mzee hauzi pamba kabla ya kuulizia bei kwa watu wawili, na kila habari ya bei inayosomwa katika nyumba ile husomwa mara mbili: kwanza kwa lugha iliyoandikwa, kisha kwa Kiswahili, huku babu akihesabu kwa punje za mahindi.

Nawaomba wazazi tufanye hivyo hivyo. Leo jioni, mpe mwanao gazeti hili au tangazo lolote la bei. Mwulize: ilikuwa ngapi, imebadilika kwa ngapi, na imefika hadi ngapi? Akijibu maswali hayo matatu bila kubabaika, ameelewa. Asipoweza, usimgombeze. Kaa naye, mchukue punje za mahindi, mhesabu pamoja.