FISTULA: KUMRUDISHA MKE KWAO NI DHULMA



Ndugu zetu katika imani, kuna talaka ambazo tumezinyamazia mno. Mke anashikwa na uchungu siku mbili, tatu, mtoto anatoka maiti, na mama anabaki akivuja mkojo, pengine na choo, asiweze kujizuia. Baada ya muda anaambiwa arudi kwao "akajiuguze". Huko ndiko karatasi ya talaka inakomfuata.

Maradhi hayo ni fistula. Si jini, si uchawi, wala si malipo ya zinaa kama wanavyonong'ona mawifi. Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga kwa muda mrefu, hubana nyama zilizo kati ya kibofu na uke, damu haipiti, nyama zinakufa na tundu linafunguka. Mama angewahishwa kwa upasuaji, yasingemfika. Sasa tuulizane: nani alikuwa na amri ya kumwahisha? Mara nyingi si yeye. Ni mume aliyesema tungoje asubuhi, ni mama mkwe aliyesema "mbona sisi tulizaa nyumbani", ni nauli iliyokosekana ilhali mchango wa harusi ulipatikana. Halafu waliomchelewesha ndio wanaoziba pua!

Wengine huisingizia dini. Eti hana twahara, hana sala, basi ndoa ya nini? Huu ni ujinga mtupu. Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alikuwa akitokwa na damu isiyokatika, na Mtume (S.A.W.) hakumwachisha sala ila kwa siku za hedhi yake tu. Wanavyuoni wakamweka katika hukumu hiyo asiyeweza kuzuia mkojo: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati kuingia, asali. Na Suratun Nisaa, aya ya 19, inawaamuru waume wakae na wake zao kwa wema, hata wakiwachukia.

Tena tiba ipo, na wengi hupona kwa upasuaji. Hapa Burundi, kituo cha Urumuri kilifunguliwa Gitega mwaka 2010 na Madaktari Wasio na Mipaka. Ng'ambo ya pili iko Panzi ya Bukavu, na Dar es Salaam iko CCBRT. Baada ya upasuaji mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kama wiki mbili, na mume huombwa asimkaribie kwa miezi mitatu hivi. Miezi mitatu! Wapo wanaokwenda Uarabuni kutafuta riziki miaka miwili, wake zao wakiwasubiri bila neno. (Na wapo waume, Allah awalipe, waliobaki wakafua kanga kwa mikono yao.)

Masheikh mnaoitwa kuandika talaka hizi, muulizeni mume kwanza: umempeleka hospitali gani? Akikosa jibu, kalamu iwekeni chini. Nanyi wazazi mliompokea binti, msimfiche chumba cha uani. Mpelekeni wiki hii.

Wabillahi tawfiq.