Limao, Majivu na Dala ya Bibi

Jamani, leo naungama kosa.

Mwaka jana bibi yangu alinipa dala moja aliyokuwa ameitunza kwenye kopo la maziwa. Kwa wale mliozaliwa juzi, dala ni ile sarafu ya shilingi tano, ndiyo iliyozaa jina la daladala enzi nauli ilipokuwa shilingi tano. Hii ya bibi ni ya 1971, ina pembe kumi na sura ya Mwalimu Nyerere, na ilitolewa kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru.

Ilikuwa imepiga weusi. Nami kwa ujuaji wangu nikaifanya kama sufuria: limao, majivu, nikasugua mpaka ikametameta! Kisha nikaipeleka kwa mzee mmoja anayenunua sarafu za zamani, kichwani nimeshanunua kompyuta mpya.

Mzee akaitazama kwa kioo cha kukuzia. "Kijana wangu, nani kaisugua hii?"

Nikanyamaza.

Akanionyesha. Kumbe sarafu nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba kama nywele. Asidi ya limao inakula uso wa madini, majivu yanaukwangua, na ukishaondoka haurudi. Ule weusi niliouita uchafu ndio unaomwambia mnunuzi kwamba sarafu haijachezewa.

Tena akanipa somo la bei. Sarafu haiwi ghali kwa kuwa ni kuukuu. Yanaangaliwa mambo matatu: zimebaki ngapi, ina hali gani, na nani anaitaka. Dala zilikuwa mifukoni mwa watu nchi nzima, kwa hiyo iliyochakaa haina bei ya maana. Zile za hifadhi ya wanyama za 1974 ni habari nyingine: ya fedha ya shilingi 25 yenye twiga, ya shilingi 50 yenye kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma. Hizo zina madini yenye bei yake hata kabla ya kuangalia historia. Kwa hiyo mtu akikwambia dala yako ni mamilioni, ila kwanza umtumie hela ya "usajili", kimbia!

Kama lazima uisafishe, iloweke kwenye maji yaliyochemshwa kwa mvuke, yale ya betri yasiyo na asidi, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Usisugue. Ishike kwa ukingo. Usiihifadhi kwenye plastiki laini ya PVC, itaiachia utandu wa kijani.

Lakini hoja yangu siyo bei. Sisi vijana wa mjini tuna ugonjwa wa kutaka kila cha zamani king'ae. Nyumba ya zamani tunaipaka rangi, picha ya babu tunairekebisha, halafu tunashangaa mbona havina tena ladha. Alama za muda siyo uchafu. Ni ushahidi kwamba kitu kiliishi na watu.

Nilipomrudishia bibi dala yake aliigeuza mara mbili mkononi. "Mbona siyo yenyewe?"

Nikakaa chini, nikamwomba anisimulie. Alilipwa dala ile kwenye shamba la mkonge, Tanga, katika mshahara wake wa kwanza, akaapa hataitumia. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza! Nimeyaandika yote kwenye karatasi, nimeikunja, nimeiweka koponi pamoja na dala.

Na wewe, kopo la bibi yako lina nini? Kaulize kwanza. Limao weka kwenye supu.