Mbwa ni Shahidi wa Nasaba za Lugha

Nilipokuwa mtoto chuoni nilipigwa bakora kwa sababu ya mbwa ambaye hakuwapo. Nilikuwa nikisoma mbele ya mwalimu, nikafika penye neno la moyo, ambalo kwa Kiarabu ni qalb, nalo huanza kwa herufi ya qaf itokayo ndani kabisa kooni. Mimi nikalitoa kwa kaf, herufi nyepesi. Mwalimu akanisimamisha, akaniuliza kama kifuani mwangu mna moyo au mna mbwa. Maana kalb kwa kaf ni mbwa. Wenzangu wakaangua kicheko, na bakora ikafuata. Tangu siku ile moyo na mbwa wamekaa pamoja kichwani mwangu, na leo nimewaita wote wawili kutoa ushahidi.

Kisa chenyewe ni hiki. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa barazani, Mji wa Kale, Mombasa. Mzee mmoja aliyekuwa baharia, aliyefika Basra na Bandar Abbas katika ujana wake, alituambia kwamba Kiajemi ni Kiarabu kilichoharibika. "Wale waandika kwa alifu na be kama Waarabu," akasema, "na maneno yao nusu ni ya Kiarabu. Na Kiswahili chetu vile vile ni mtoto wa Kiarabu. Hesabu maneno, mwanangu, utaona." Hapo kijana mmoja akadakia: ikiwa ndivyo, basi Kiswahili si lugha, ni mchanganyiko tu, na Mswahili hana kwao. Damu ikanichemka. Lakini damu ikichemka ulimi huwa mzito, na jibu langu la usiku ule halikumtosha mtu. Basi nalileta hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Msomaji, mzee na kijana walikuwa wakishindana, lakini wote wawili wamesimama juu ya kosa moja: kudhani kwamba nasaba ya lugha hujulikana kwa kuhesabu maneno na kutazama yanayofanana. Mbwa atatuonyesha kwamba sivyo.

Kwa nini mbwa? Kwa sababu mbwa ni mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Amekaa naye zaidi ya miaka 14,000, kabla ya shamba la kwanza kulimwa. Hakuletwa na jahazi kama sukari. Kila kaumu ilimjua na kumpa jina zamani sana, na jina la namna hiyo watu hawana haja ya kuliazima kwa jirani.

Sasa tazama. Mgiriki wa kale alimwita mbwa kyon. Mrumi, kwa Kilatini, alimwita canis, na hiyo c ni k. Mjerumani humwita Hund. Mwingereza alimwita hound. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vya Wahindi, yeye ni shvan. Mlithuania, kule kaskazini ya Ulaya, husema shuo. Muarmenia husema shun. Muairishi husema cú, yaani kuu. (Maneno mengine nayaandika kwa matamshi yetu.) Ukiyatazama kwa jicho tu, Hund na shuo hayana hata herufi moja ya mwanzo inayofanana. Mtu wa barazani atasema hawa hawajuani.

Lakini ngoja, tumwite moyo. Moyo kwa Kilatini ni cor, na unyambuaji wake ni cordis. Kwa Kiingereza ni heart. Kwa Kilithuania ni shirdis. Mia kwa Kilatini ni centum. Kwa Kiingereza hundred. Kwa Kilithuania shimtas. Pembe kwa Kilatini ni cornu, na kwa Kiingereza ni horn. Umeona? Mrumi akisema k, Mwingereza na Mjerumani husema h, na Mlithuania husema sh. Si kwa neno moja bali kwa mbwa, na kwa moyo, na kwa mia. Hii si bahati. Ni utaratibu, kama vina katika shairi: kina kikibadilika ubeti huu, hubadilika katika mistari yote. Sisi washairi tungepaswa kuligundua jambo hili kabla ya maprofesa, lakini walitutangulia. Mdenmark Rasmus Rask alilieleza mwaka 1818, na Mjerumani Jacob Grimm akaliweka wazi zaidi mwaka 1822.

Kwa njia hiyo wanazuoni wamerudi nyuma hadi neno mama, wanaloliandika mfano wa kwon, lililotamkwa yapata miaka 5,000 au 6,000 iliyopita na watu ambao hawakujua kuandika. Wengi wanaona kwamba watu hao waliishi katika nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi. Hakuna aliyelisikia neno lile wala kulisoma juu ya jiwe. Linajulikana kwa wajukuu zake, kama vile babu aliyekufa anavyojulikana kwa pua za wajukuu.

Na kufanana je? Kufanana ni shahidi wa uongo mara nyingi. Kule Australia kuna kabila la wenyeji waitwao Wambabaram. Katika miaka ya 1960 mwanazuoni R. M. W. Dixon alimuuliza mzee mmoja wa lugha hiyo jina la mbwa, naye akajibu: dog. Dixon alidhani mzee anasema Kiingereza. Kumbe ni neno lao wenyewe, lililotokana na gudaga, ambalo majirani zao walikuwa bado wakilitamka kamili. Maneno mawili sawasawa, maana moja, na hakuna udugu hata wa kunyonya. Kwanza hilo dog la Waingereza lenyewe si la ukoo wa kwon. Asili yake haijulikani; lilizuka likamsukuma hound pembeni, na leo hound ni mbwa wa kuwindia tu. Wahindi nao wana kutta, ambalo silo shvan la wazee wao. Kwa hiyo hata ndugu wa damu huweza kupoteza neno la ukoo na udugu ukabaki.

Kinyume chake ni sukari. Mwarabu husema sukkar, Mwajemi shakar, Mwingereza sugar, nasi twasema sukari. Yanafanana kama mapacha, kwa sababu neno lilisafiri pamoja na bidhaa, likitoka Bara Hindi. Linatuonyesha nani alifanya biashara na nani, wala halituambii nani kamzaa nani.

Sasa turudi kwa Mwajemi wa yule baharia. Mwajemi humwita mbwa sag. Mia huiita sad. Tazama s hiyo ilivyosimama mahali pale pale ambapo Mrumi aliweka k. Mama ni madar, ndugu ni baradar, binti ni dokhtar. Mwenye kujua Kiingereza cha shule ya msingi atayatambua yote matatu. Tena upo ushahidi wa maandishi. Herodotus, Mgiriki aliyeandika tarikhi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, asimulia kwamba mwanamke aliyemlea mfalme Cyrus wa Uajemi aliitwa Spako, na kwamba kwa Kigiriki jina hilo ni Kyno, kwa sababu Wamedi, majirani na jamaa za Waajemi, humwita mbwa jike spaka. Hayo yalikuwapo karne nyingi kabla ya Kiarabu kuingia Uajemi pamoja na Uislamu katika karne ya 7. Kiarabu kikawapa herufi, kikawapa maelfu ya maneno ya dini, elimu na sheria, wakafurahi nayo na kuyatungia mashairi yanayosomwa hadi leo. Lakini mbwa wao alibaki sag. William Jones, jaji Mwingereza wa Calcutta aliyekwisha kutunga kitabu cha sarufi ya Kiajemi mwaka 1771, alisema katika hotuba yake ya mwaka 1786 kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zimetoka chemchemi moja, na akaona kwamba Kiajemi cha kale chaweza kuingizwa katika ukoo huo.

Kiarabu kina ndugu zake wa kweli, na mbwa anawajua. Myahudi husema kelev, watu wa Kiaramu walisema kalba, na watu wa Babeli waliandika kalbu juu ya vigae vya udongo. Ukoo mtukufu na mkongwe, nao hauna haja ya kunyang'anya watoto wa wenzake.

Hapa nitoe neno la pembeni. Kwetu ukimwita mtu mbwa umetafuta ugomvi. Lakini kila ahudhuriaye maulidi amesikia nasaba ya Mtume wetu (S.A.W.) ikisomwa hadi kwa Qusay bin Kilab, na kilab ni wingi wa kalb. Waairishi nao shujaa wao mkubwa wa hadithi ni Cú Chulainn, yaani mbwa wa Culann. Na mbwa wa Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf ametajwa na wenziwe bila kutukanwa. Yule mwalimu wangu alijua haya yote kuliko mimi, lakini siku ile shida ilikuwa kaf.

Na Kiswahili? Mswahili humwita mbwa. Mganda husema embwa, Mnyarwanda imbwa, Mshona kule Zimbabwe imbwa, na msemaji wa Kilingala mbwa. Mzulu husema inja na Msotho ntja. Yaonekana mbali, lakini ni neno lile lile lililogeuzwa kwa utaratibu wa sauti, kama kwon lilivyogeuka Hund. Neno la Kiarabu pia tunalo: kelbu. Lakini mtu hulitumia lini? Akikasirika. Anayelala mlangoni ni mbwa. Aliyekula deni lako ndiye kelbu. Vivyo hivyo moyo ni moyo, na kalbi tunaliweka katika mashairi, mimi wa kwanza, vina vikinibana. (Nalo tukilitamka kwa kaf yetu ya pwani, sijui wapenzi wetu tunawapa moyo au tunawapa mbwa.)

Tena maneno ya kuazima tuliyatia nguo zetu. Kitabu ni cha Mwarabu, na wingi wake kwake ni kutub. Sisi tulisema vitabu, kana kwamba ki ile ilikuwa yetu tangu jadi. Mwajemi naye huweza kusema kitabha, kwa kiambishi chake mwenyewe. Mgeni akiingia nyumbani akafuata sheria ya nyumba, mwenye nyumba ni nani?

Kwa hiyo kijana yule naye amekosea, tena kosa lake ndilo liniumalo zaidi, kwa kuwa amezaliwa ndani ya lugha hii. Wenye sag yao hawaambiwi hawana kwao, ingawa nusu ya kamusi yao ni ya kuazima. Waingereza wamechukua kwa Wafaransa na Warumi maneno zaidi kuliko tuliyoyachukua sisi kwa Waarabu, na hakuna amwambiaye Mwingereza kwamba lugha yake si lugha. Kwa nini sisi?

Juzi nilimwendea mzee nyumbani kwake, nikamsomea haya kabla ya kuyapeleka gazetini. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna tambuu. Nikamwambia, "Ami, hata nahodha na bandari, maneno uliyoishi nayo maisha yako yote, ni ya Kiajemi, na wewe hukuwa Mwajemi hata siku moja." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mbwa nimekuachia. Na paka je?"