KADI BILA DAKTARI NI KARATASI TU



Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilitangazwa kwamba matibabu ni bure, na mnyonge wa Ng'ambo akapata haki ya kuingia mlango mmoja na tajiri wa Mji Mkongwe pale Mnazi Mmoja, spitali iliyokuja kuitwa V. I. Lenin. Haki hiyo hatuikani, wala hatutamwachia mtu aiuze. Lakini tuseme kweli: bure isiyo na dawa si bure. Mgonjwa anayetoka na cheti mkononi kwenda kununua dawa dukani ameshalipa, tena amelipa siku ambayo hana.

Kwa hivyo ilipotungwa Sheria Namba 1 ya 2023 ya kuanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, sisi hatukupiga makelele. Kuchangiana ni mila yetu tokea zamani, harusini na msibani. Tunachouliza ni hiki: nani ametangulia kuandikishwa, na nani anaambiwa asubiri?

Walianza watumishi wa Serikali, kisha ikaja zamu ya waajiriwa wa makampuni. Sababu yake ni nyepesi: mshahara hukatwa mezani kabla mwenyewe hajauona. Jee, mama wa Paje na Jambiani anayelima mwani atakatwa wapi? Mvuvi wa Nungwi, ambaye pato lake hufuata bamvua na maji mafu, mshahara wake uko wapi?

Tazameni Bara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza na watumishi wa Serikali 2001, mchango asilimia 6, nusu ya mtumishi na nusu ya mwajiri. Zaidi ya miaka 20 ikapita na mkulima kwa wingi wake yuko nje, hata Bunge likalazimika kutunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023. Mwenye akili hujifunza kwa jirani. Unguja na Pemba, kwa hesabu ya 2022, tulikuwa watu 1,889,773. Visiwa vidogo kama hivi havina udhuru wa kungoja miaka ishirini.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mgonjwa mahututi haponywi na kadi. Mashine ya kupumulia isiyo na mtu anayeijua ni sanduku lenye taa. Daktari wa kazi hiyo hasomeshwi kwa semina ya siku tatu. Husoma udaktari miaka mitano, akafanya mazoezi mwaka mmoja chini ya wakubwa wake, kisha husoma ubingwa, kama ule wa usingizi, miaka mitatu mingine. Hiyo ni miaka tisa. Tukijenga spitali kila wilaya, Kitogani na Kivunge, bila kuhesabu miaka hiyo, tumejenga kuta.

Wako wanaosema kwamba kuuliza vyeti vya daktari ni utovu wa adabu. Sisi hatukubali. Mwalimu hasomeshi skuli bila cheti, na dereva wa daladala husimamishwa barabarani aonyeshe leseni. Vipi aliyeshika roho ya mtu asiulizwe? Daktari wa kweli haogopi daftari la Baraza la Madaktari, kwani daftari hilo ndilo linalomlinda asilinganishwe na mdanganyifu.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, mvuvi na mkulima wa mwani waandikishwe sasa, mchango wao ukusanywe wakati wa mauzo, na asiyejiweza alipiwe na Serikali. Pili, sheha anapoandika majina asimuulize mtu chama chake, awe wetu au wa wenzetu. Maradhi hayana kadi ya chama. Tatu, Mfuko usilipe shilingi moja kwa spitali isiyobandika ukutani majina na vyeti vya madaktari wake.

Ndugu zangu, katika kila tawi ulizeni mambo haya, na msitosheke na jibu la "tunalishughulikia". Fedha ni zetu na wagonjwa ni wetu. Kudai hesabu si uasi.