Tundu Dogo na Amana ya Chombo

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, juma hili twawaletea wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu wenye watoto wapendao maji, jambo tulilojifunza mbali na pwani yetu.

Tulikuwa Sori, ufukoni mwa Ziwa Viktoria katika kaunti ya Migori, wageni wa binti tuliyemsomesha chuoni Mombasa kabla hajaolewa huko. Mumewe alikuwa amenunua kayaki kuukuu kutoka Mbita, upande wa Homa Bay. Kayaki ni kidau chembamba cha plastiki, kipigwacho kwa kafi moja lenye vibapa huku na huku. Asubuhi moja wanawe wawili walitoka nacho, na hawajafika mbali maji yakaanza kuwajaa miguuni. Walirudi salama kwa rehema ya Mola, wakiyachota maji na kuyamwaga nje kwa viatu vyao.

Tulipokipindua chombo, tuliona chini yake utepe uliobandikwa na kupakwa rangi juu. Tulipoubandua, palikuwa na tundu lisilozidi punje ya choroko, na ufa mfupi kando yake.

"Maalim," akatuambia mama yao, "sisi tulidhani plastiki haiozi, basi haivuji."

Nasi tukakiri kwamba ujuzi wetu wa pwani haukutufaa hapo. Wazee wetu walikalafati majahazi kwa pamba na sifa, wakapaka deheni chini. Kazi hiyo hufaulu kwa kuwa mbao hunywa maji, hufura, na kuibana ile pamba katika maungio. Plastiki hainywi maji wala haifuri. Gundi nazo hazidumu, kwa sababu plastiki ya kayaki nyingi, iitwayo polithini, ina utelezi kama wa nta. Gundi haipati pa kushika, na chombo kinapopindika kidogo majini, hubanduka. Utepe ni wa kukufikisha ufukoni tu.

Dawa yake ni kuiunga plastiki kwa plastiki ya namna ile ile, kwa moto. Si ajabu: ni kazi ifanywayo kila siku na mafundi wa mitaani wachomeleao ndoo na beseni zilizopasuka. Tena wasomaji wetu wa Lamu wanaikumbuka Flipflopi, jahazi lililoundwa kwao kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likateremshwa majini mwaka 2018, likaenda Unguja mwaka 2019, na mwaka 2021 likasafiri katika ziwa hilo hilo la Viktoria.

Tulimwita fundi wa beseni, tukamtazama akifanya kazi hatua kwa hatua. Kwanza alikiosha chombo kwa sabuni, akakikausha ndani na nje, kwani plastiki yenye maji au mafuta haiungani. Pili, akatoboa kijitundu chembamba katika kila ncha ya ufa, ili usiendelee kupasuka. Tatu, akazikwangua kingo mpaka ikatokea plastiki mpya, akachonga kifereji juu ya ufa.

Nne, akatafuta kiraka. Kilicho bora ni unyoya wa plastiki uliokwanguliwa katika chombo chenyewe, mahali pasipodhuru. Kama haupatikani, hukatwa ukanda katika dumu kuukuu lenye alama ya pembetatu na namba 2 kitakoni. Hata hivyo hujaribiwa kwanza: hyeyushiwa kipande kidogo ukingoni mwa chombo, kikapoa, kikavutwa. Kikibanduka, si wa jamii moja; tafuta kingine.

Tano, akakitia moto kisu butu juu ya jiko la makaa. Polithini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 120 hadi 135 hivi za Selsiasi, kupita maji yachemkayo, kwa hiyo haihitaji moto mkali. Ikitoa moshi na kuwa nyeusi, imeungua na itakuwa dhaifu. Siri iko hapa: lazima kiyeyuke kiraka na kuyeyuke chombo, kisha vikandamizwe pamoja. Kiraka kikiyeyuka peke yake hukaa juu tu kama donge la nta juu ya meza. Mwisho akakiacha kipoe chenyewe, bila kukimwagia maji.

Kwa kupima, chombo kiliwekwa juu ya magogo, kikatiwa maji ndani, na kiraka kikapakwa majivu makavu kwa nje. Baada ya saa nzima majivu yalikuwa bado makavu.

Wazazi, kazi hii ifanyiwe nje penye upepo, mbali na petroli, na watoto wasivute moshi wake. Tundu lipitalo ukubwa wa sarafu, au mahali palipolika pakawa pembamba, pasijaribiwe nyumbani. Na hata chombo kizima, mtoto asikipande bila jaketi la kuokolea.

Jambo moja lilibaki. Binti yetu, kwa hofu iliyomwingia, alitaka kukiuza chombo, akauliza rangi ya kukifunika kiraka kisionekane. Tukamwambia, "Mwanangu, kiuze ukipenda, lakini rangi usipake." Sheria yetu yamtaka muuzaji aidhihirishe aibu ya bidhaa aijuayo, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, alimkemea mwenye nacho kwa kutokuweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Ikiwa hivyo kwa chakula, itakuwaje kwa chombo kitakachobeba roho za watu?

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kweli, Maalim. Aliyetuuzia sisi alipaka rangi." Tulipoondoka Sori chombo kilikuwa ufukoni kimepinduliwa, na kiraka chake cheupe kikionekana na kila mpita njia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wa baharini na wa ziwani. Wabillahi tawfiq.