Tuonje kasiksi mbele ya kuuza

Kasiksi yetu ya Kivu inalipa minerval ya watoto wengi. Tuionje vizuri mbele ya kuipeleka soko.

Kwanza tunanusa: harufu ya ndizi mbivu na mtama uliokaangwa ni nzuri; harufu ya siki ni mbaya. Kisha tunaonja kidogo. Ikiwa tamu kama maji ya ndizi, haijaiva. Utamu ukipungua na ulimi ukisikia ukali kidogo, iko tayari. Ikiwa siki tupu, tusiuze: mnunuzi hatarudi.

Mama mjamzito asionje. Na watoto je? Mutobe uliokamuliwa leo wanaweza kunywa. Ukilala umeanza kuwa pombe. Tusiwape.